Herufi bubu za Kiayalandi na mjadala wa nani hutamka sawasawa

Mpenzi wa riadha nchini Kenya hahitaji kuambiwa Bruda Colm O'Connell ni nani. Alifika Iten mwaka wa 1976 kufundisha katika Shule ya Upili ya St Patrick's, akaishia kuwa kocha aliyewanoa mabingwa, David Rudisha akiwa miongoni mwao. Hata hivyo, wengi wetu tumekuwa tukilitamka jina lake kwa pigo moja tu la ulimi, kana kwamba ni neno la Kiingereza. Katika lugha ya asili ya Ayalandi, jina hilo lenye herufi nne lina silabi mbili: 'Kolam'. Waayalandi hawapendi l na m zikae bega kwa bega, kwa hivyo hupenyeza irabu katikati, kama sisi tulivyolichukua neno la Kiingereza la sinema tukalifanya 'filamu'.

Bruda Colm anatoka kaunti ya Cork, kusini mwa Ayalandi. Kwa Kiayalandi jina la mahali hapo huandikwa Corcaigh. Muulize mwenyeji wa kusini alitamke, atakwambia 'Korkig', na g hiyo utaisikia vizuri. Muulize msemaji wa magharibi au wa kaskazini, atakwambia 'Korki', g haipo. Tahajia ni moja, nchi ni moja, midomo ni tofauti. Basi nani anatamka sawasawa?

Swali hilo ndilo somo letu leo, msomaji. Katika majina ya miji linaweza kuchukuliwa kama utani wa majirani. Likihamia kwenye viishio vya vitenzi, linagusa maana yenyewe ya sentensi, na historia yake inagusa watu waliopokonywa lugha wakajitahidi kuirudisha.

Tuanze na kitenzi ambacho kila mwanafunzi anakijua. 'Kusoma' kwa Kiayalandi ni léigh, neno ambalo wamishonari wa kale walilileta kutoka kwa Kilatini. 'Atasoma' huandikwa léifidh sé. 'Angesoma' huandikwa léifeadh sé. Hilo sé mwishoni ni nafsi, yaani 'yeye' wa kiume. Sisi Waswahili tunaiweka njeo mbele ya mzizi: a-ta-soma, a-nge-soma. Ukimsikiza mtu vizuri mwanzoni mwa kitenzi, umeshajua kama jambo ni la hakika au ni la masharti. Mwayalandi hukuacha ungoje mpaka mkiani.

Kweli, wao pia wana msaada wa mbele. Katika hali ya masharti, konsonanti ya kwanza ya vitenzi vingi hulainishwa: m huwa mh, inayotamkwa kama v au w. Ndiyo maana molfaidh sé ('atasifu') na mholfadh sé ('angesifu') hutofautiana tangu mwanzo. Lakini herufi l, n na r hazionyeshi mabadiliko yoyote kwenye maandishi, na kwa wasemaji wengi wa leo hata masikioni hazibadiliki. Kwa hivyo kitenzi kama léigh kinategemea mkia peke yake. Mkia ukipotea, 'atasoma' na 'angesoma' ni kitu kimoja.

Sasa hebu sikiza mikia hiyo inavyotamkwa. Nitaandika kwa herufi zetu za Kiswahili, na ee isomwe kama e ndefu. Kusini, 'atasoma' ni kama 'leeha shee', na 'angesoma' ni 'leehakh shee', kwa kh ile ya 'kheri'. Magharibi, 'atasoma' ni 'leea shee', na 'angesoma' huenda ikawa 'leeat shee', kwa t. Kaskazini, 'atasoma' ni 'leehi shee', na 'angesoma' mara nyingi huwa 'leehu shee', kwa u ndefu. Sehemu tatu zote zinatofautisha njeo na hali ya masharti bila tatizo. Ila kila sehemu inatofautisha kwa njia yake, na hakuna hata moja inayotamka dh iliyoandikwa pale mwishoni. Hata f ya katikati, ambayo macho yanaiona wazi, hutamkwa h au haitamkwi kabisa.

Mfano wa f hiyo uliwahi kugeuka jina la utani. Katika miaka ya mgogoro wa Ayalandi ya Kaskazini, wapinzani wa utawala wa Uingereza walikuwa na kaulimbiu Tiocfaidh ár lá, maana yake 'Siku yetu itakuja'. Kwa matamshi ya kule, neno la kwanza, lenye herufi tisa, lilisikika kama 'chaki'. Watu waliosikia kaulimbiu hiyo kila siku wakaanza kuwaita wafuasi wake 'Chucky'. Ajabu ni kwamba f hiyo hiyo hufufuka kauli isipomtaja mtenda: léifear ('itasomwa') kwa kawaida hutamkwa kwa f kamili.

Mgeni akiyaona haya husema lugha hii imevurugwa. Haikuvurugwa. Kila herufi iliyonyamaza leo ilikuwa na sauti yake zamani, na tuna ushahidi.

Katika karne ya 8 na ya 9, watawa wa Kiayalandi walikuwa wakisoma vitabu vya Kilatini na kuandika maelezo ya Kiayalandi pembeni na katikati ya mistari. Vitabu hivyo vimehifadhiwa hadi leo Würzburg nchini Ujerumani, St. Gallen nchini Uswisi na Milano nchini Italia. Ni kutokana na maelezo hayo ya pembeni kwamba mwalimu mmoja wa Bavaria, Johann Kaspar Zeuss, alichapisha sarufi yake kubwa ya lugha za Kiselti mwaka wa 1853 na kuwaonyesha wasomi muundo wa Kiayalandi cha Kale.

Katika lugha hiyo ya watawa, 'ataacha' ilikuwa léicfid na 'angeacha' ilikuwa léicfed. Tazama vizuri: f ipo, na tofauti ya njeo na masharti imekaa mkiani, pale pale ilipo leo. Hiyo d ya mwisho haikutamkwa kama d ya 'dada'. Ilikuwa dh, ile ile tunayoitumia katika 'dhahabu' na 'dhambi'. Baadaye waandishi walianza kuandika dh ili kuonyesha hivyo. Vivyo hivyo gh ilitamkwa kama gh ya 'ghali'. Yaani Mswahili anayejua kutamka 'dhambi ghali' angeweza kumtamkia mtawa wa karne ya 8 viishio vya vitenzi vyake bila shida, kuliko anavyoweza mtoto wa Dublin wa leo.

Kisha ulimi ukafanya kazi yake. Kufikia karne ya 13, dh ilikuwa imehama kutoka kwenye meno ikarudi nyuma kooni, ikaungana na gh. Sauti mbili zikawa moja, lakini waandishi wakaendelea kuandika herufi zote mbili, kwa sababu macho yao yalikuwa yamezoea. Hapo ndipo tatizo la viishio vinavyofanana lilipozaliwa: -adh na -agh zikasikika sawa, -idh na -igh zikasikika sawa.

Baadaye sauti hiyo ya kooni, inapokuwa mwishoni mwa neno, ikaanza kuchakaa. Na haikuchakaa kwa njia moja. Kusini, baada ya i, ilikakamaa ikawa g, ndiyo 'Korkig' ya watu wa Cork. Kwingine iliyeyuka ikaacha i tupu. Kwenye masharti, kusini ilipoteza mghuno ikawa kh, na kaskazini iliyeyuka ikawa u. Kitu kimoja cha kale kimezaa watoto wanne watano ambao ukiwaona leo huwezi kudhani ni ndugu.

Neno moja linatosha kutuonyesha ukoo huo. Moladh ni nomino yenye maana ya 'sifa'. Kusini na magharibi hutamkwa 'mola', na msomaji wetu asidhani kwamba kuna undugu na Mola tunayemsifu sisi. Ni sadfa tupu. Kaskazini nomino hiyo ni 'molu'. Lakini tahajia hiyo hiyo, moladh, ni kitenzi pia: 'alisifiwa', bila kutaja nani alisifu. Kikiwa kitenzi, kusini wanasema 'molag', magharibi 'molu' au 'moluv', na kaskazini 'molu'. Msemaji wa kusini anayesoma gazeti hukutana na moladh mara mbili katika aya moja, mara ya kwanza akasema 'mola', mara ya pili akasema 'molag', wala hajikwai. Sarufi iliyo kichwani mwake inamwambia ipi ni ipi.

Lugha nyingi zimechakaa hivi, Kiingereza kikiwemo. Kinachofanya kisa cha Ayalandi kiwe cha pekee ni kwamba wakati uchakavu huo ukiendelea, hapakuwa tena na mahali pa kuamua matamshi bora ni yapi.

Palikuwapo hapo awali. Tangu takriban mwaka wa 1200 hadi katikati ya karne ya 17, Ayalandi na nyanda za juu za Scotland zilikuwa na shule za malenga. Mwanafunzi alisomea ushairi kwa miaka mingi, akafundishwa lugha moja sanifu ya kifasihi ambayo haikuwa ya eneo lolote. Malenga hao waliyagawa makundi ya konsonanti kwa ajili ya vina, na katika makundi yao dh na gh zilikaa chungu kimoja. Walijua sauti zao kisayansi kabla ya neno isimu kuwako. Waliwalipiwa na machifu wa Kigaeli.

Machifu hao walishindwa na majeshi ya Uingereza huko Kinsale mwaka wa 1601, na mwaka wa 1607 wakuu wao wakapanda meli wakakimbilia Ulaya. Malenga akabaki bila mlezi. Shule zikafa katika karne hiyo, na lugha sanifu ikafa pamoja nazo. Kilichobaki kikawa ni usemi wa wakulima na wavuvi, kila bonde na lake.

Pigo la pili lilikuja katika karne ya 19. Mwaka wa 1831 serikali ilianzisha mfumo wa shule za msingi zilizofundisha kwa Kiingereza. Katika sehemu nyingi mtoto alivishwa kijiti shingoni, kilichoitwa bata scóir, na kila aliponaswa akisema Kiayalandi kijiti kilichanjwa alama. Jioni alama zilihesabiwa na mtoto akachapwa kwa hesabu hiyo. Msomaji wa Kenya aliyesoma miaka ya zamani, au aliyesoma kumbukumbu za Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu shule yake, hahitaji maelezo zaidi. Diski yetu ya shingoni ilikuwa na binamu yake Ayalandi, na mwenye shule alikuwa yule yule.

Halafu ikaja Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852. Takriban watu milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Waliokufa na waliohama walikuwa zaidi maskini wa magharibi na kusini, ambao ndio hasa waliokuwa wasemaji wa lugha. Sensa ya 1851, ya kwanza kuuliza habari za lugha, ilipata wasemaji takriban milioni moja na nusu, ambao hawakufika hata robo ya watu wote. Tangu hapo idadi ikawa ni ya kushuka tu. Lugha ikabaki katika vipande vya pwani vilivyo mbalimbali: Kerry na Cork kusini, Conamara magharibi, Donegal kaskazini. Kati ya kipande na kipande palikuwa na nchi nzima iliyosema Kiingereza. Ndiyo sababu 'leehakh', 'leeat' na 'leehu' hazikupata nafasi ya kukutana sokoni zikapatana.

Mwaka wa 1893 Douglas Hyde, Eoin MacNeill na wenzao walianzisha Conradh na Gaeilge, chama cha kuifufua lugha. Watu wazima mijini wakafurika madarasani. Hapo ndipo mwalimu alipolazimika kujibu swali ambalo mvuvi wa Kerry hakuwahi kuulizwa: tuwafundishe Kiayalandi kipi? Wako waliotaka kurudi kwa Seathrún Céitinn, mwanahistoria wa karne ya 17, wachukue nathari yake safi kama kigezo. Padri Peadar Ua Laoghaire wa Cork alipinga. Alishikilia caint na ndaoine, yaani 'usemi wa watu', akaandika hadithi yake Séadna kwa lugha aliyoisikia kijijini. Hoja yake ilishinda.

Ilishinda, lakini ilileta kizungumkuti. Usemi wa watu, sawa, watu gani? Padri alikuwa na watu wake wa Cork. Mtu wa Conamara alikuwa na wake. Kila mwandishi akawa anaandika alivyosikia kwao, juu ya tahajia iliyobeba herufi za karne nyingi. Neno la 'kuchemsha' liliandikwa beirbhiughadh, herufi kumi na tatu. 'Ushairi' ilikuwa filidheacht. Lugha yenyewe iliandikwa Gaedhilge. Padri mwingine, Patrick Dinneen, alipotoa kamusi yake mwaka wa 1904, na toleo kubwa mwaka wa 1927, tahajia ilikuwa bado hiyo.

Nchi ilikuwa imeshapata serikali yake tangu 1922. Katiba ya 1937 ilitamka kwamba Kiayalandi ndicho lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Sheria zilipaswa kutolewa kwa lugha zote mbili. Wafasiri wa bunge, katika idara iitwayo Rannóg an Aistriúcháin, hawangeweza kuandika sheria moja kwa tahajia tatu. Kazi ya kusawazisha ikaangukia meza yao. Mwaka wa 1945 walitoa kijitabu cha tahajia mpya, wakakipanua mwaka wa 1947, na mwaka wa 1958 wakatoa sarufi na tahajia pamoja. Huo ndio unaoitwa An Caighdeán Oifigiúil, Sanifu Rasmi.

Hapa naomba msomaji tutue kidogo, maana ndipo penye funzo. Wafasiri walishika panga wakafyeka. Beirbhiughadh ikawa beiriú. Filidheacht ikawa filíocht. Gaedhilge ikawa Gaeilge. Kitenzi chetu cha kusoma kiliandikwa léighfidh na léighfeadh. Wakaitoa gh ya katikati, kikawa léifidh na léifeadh.

Lakini mbona hawakuitoa dh ya mwisho? Nayo ni bubu kama mwenzake. Kwa nini watu waliokuwa tayari kupunguza herufi kumi na tatu kuwa sita waliogopa herufi mbili za mkiani?

Ukipanga mifano hiyo ubavu kwa ubavu, jibu linajitokeza. Pale ambapo sehemu zote tatu zilikuwa zimekubaliana kutamka sauti moja, herufi za kale zilifyekwa. Mwisho wa beirbhiughadh ulikuwa u ndefu kila mahali, kwa hivyo wakaandika ú basi. Pale ambapo sehemu zilitofautiana, herufi ya kale iliachwa. Fikiria wangeandika 'angesoma' kama inavyosikika. Kwa kh? Mtu wa kaskazini angeuliza kh imetoka wapi. Kwa u? Mtu wa kusini angesema hiyo si lugha ya mama yake. Kwa t? Wote wawili wangelalamika. Dh haikuwa matamshi ya yeyote kati yao, na kwa sababu hiyo hiyo kila mmoja angeweza kuiona na kusoma ya kwao. Msemaji wa Kerry anaona -feadh anasema kh. Wa Donegal anaona -feadh anasema u. Na barua aliyoandika mmoja inasomwa na mwingine bila mkalimani.

Sisemi kwamba wafasiri hawakukosea. Neno la 'ngumu' liliandikwa cruaidh, wao wakalifanya crua. Kwa wasemaji wa kusini neno hilo lina g mwishoni, nayo idh ya zamani ndiyo iliyowaonyesha. Ilipofyekwa, tahajia rasmi ikawa haiwatambui. Wazee wa kusini walilalamika, na walikuwa na haki. Palipobaki herufi bubu, kila mtu alibaki na mahali pake. Palipoondolewa kwa pupa, kuna aliyeachwa nje.

Turudi sasa kwa wanaoishi na viishio hivi leo. Sensa ya 2022 ilionyesha watu takriban 1,870,000 katika Jamhuri ya Ayalandi waliosema wanakijua Kiayalandi, ambao ni kama asilimia 40. Waliosema wanakitumia kila siku nje ya shule walikuwa takriban 72,000. Maana yake ni kwamba wengi wa wanaokijua walikutana nacho ubaoni kabla ya kukisikia jikoni. Mtoto wa namna hiyo husoma herufi. Akiona dh na haambiwi ina sauti gani, huiruka. 'Léifidh sé' inakuwa 'leefa shee', na 'léifeadh sé' nayo inakuwa 'leefa shee'. Atasoma, angesoma, yote mamoja.

Hilo ni jambo zito kuliko lafudhi. Mtu wa Conamara akiulizwa na kijana wa mjini swali lenye kiishio kilichobapishwa hivyo, hajui kama ameombwa, ameahidiwa au amewekewa sharti. Wazee wengine huona rahisi kujibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yakishahamia Kiingereza hayarudi. Kwa lugha yenye wasemaji wachache wa kila siku, mazungumzo yanayokatika namna hiyo ni hasara isiyolipika kwa vyeti.

Dawa imetafutwa. Tarehe 2 Aprili 1972 Raidió na Gaeltachta ilianza kutangaza, na kwa mara ya kwanza mvuvi wa Donegal akamsikia mkulima wa Kerry kila siku nyumbani mwake. Televisheni ya lugha hiyo ikafuata mwaka wa 1996. Redio haikumlazimisha mtangazaji yeyote aache matamshi ya kwao. Masikio ya wasikilizaji ndiyo yaliyozoea. Katika mtihani wa mwisho wa sekondari, tangu 2012 sehemu ya kuzungumza hubeba asilimia 40 ya alama. Na mwalimu mzuri wa leo hamwambii mwanafunzi kwamba dh ni bubu. Humwambia achague sehemu moja, kusini, magharibi au kaskazini, ajifunze mikia ya hapo, aishikilie. Kuchanganya si dhambi kubwa. Kutotamka chochote ndiko kunakoua.

Nasi je? Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka wa 1930 ikakisambaza mashuleni. Sisi hatukuchanganya lahaja kama Waayalandi. Tulichukua moja, Kimvita kikabaki barazani. Mzee wa Mombasa anatofautisha paa mnyama na paa la nyumba kwa pumzi anayoisukuma kwenye p ya mnyama. Tahajia sanifu haimwonyeshi hata alama moja ya pumzi hiyo, na mtoto wake aliyesomea vitabuni huenda asijue ilikuwapo. Hiyo ndiyo crua yetu.

Upande wa pili, dh na gh ambazo ulimi wa Ayalandi ulizipoteza karne nyingi zilizopita, sisi bado tunazo, na tunazichezea. Mara ngapi umemsikia msomaji wa habari akisema 'thahabu', au mwanafunzi akiandika 'gali' akikusudia 'ghali'? Tunacheka, tunasema ni lafudhi ya bara, yatapita. Mtawa aliyeandika léicfid pembeni mwa kitabu chake naye hakudhani kwamba siku moja hapatakuwa na Mwayalandi wa kuitamka d yake ya mwisho.

Kwa hivyo siku utakapomsikia mtu wa Cork akisema 'Korkig' na wa Donegal akisema 'Korki', usiulize nani amekosea. Waulize wote wawili walilisikia wapi. Wakikujibu kwamba walilisikia kwa mama zao, basi wote wametamka sawasawa, na ile -igh ya mwishoni imefanya kazi iliyoachiwa.